Pengo Lililojazwa Mara Tano

Tuseme kaya moja ya Simbo, mkoani Kigoma, yenye shamba la michikichi, imeingia kwenye utafiti wa kufuatilia kaya wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania. Utafiti huo ulianza 2008/09 na kaya 3,265 nchi nzima, ukazirudia 2010/11 na 2012/13, na wadadisi walitakiwa kuwafuata hata waliohama. Awamu ya kwanza kaya yetu ilitaja madumu 12 ya mawese. Ya pili ni pengo: mama mwenye shamba alikuwa Kasulu akiuguza, na kijana aliyebaki nyumbani hakujua hesabu. Ya tatu, madumu 16.

Mwenye haraka ataifuta kaya nzima, au ataandika 14 aendelee na kazi. Akifuta, hupotea zaidi watu wenye maisha ya kuhamahama na kuuguza, na wanaobaki jedwalini ni waliotulia. Akiandika 14, kosa linajificha: kuanzia hapo kompyuta inaiamini 14 hiyo sawasawa na 12 aliyoitamka mwenye shamba.

Donald Rubin, mwanatakwimu wa Marekani, alitoa njia nyingine miaka ya 1970, akaiandikia kitabu 1987. Pengo lijazwe mara kadhaa. Jedwali la kwanza linapata 13, la pili 15, kisha 12, 17, 14. Uchambuzi unafanywa kwenye kila jedwali peke yake, majibu matano yanatafutiwa wastani, na kadiri yanavyotofautiana ndivyo shaka inavyoongezwa kwenye jibu la mwisho. Naipenda sana kazi hii kwa sababu hiyo. Kutojua kwetu kunapewa kipimo na kubaki ndani ya hesabu hadi mwisho.

Kwa data za kufuatilia watu miaka na miaka, programu ninayoistahi ni Amelia, iliyotengenezwa na James Honaker, Gary King na Matthew Blackwell, ikapewa jina la Amelia Earhart, rubani aliyepotelea Bahari ya Pasifiki 1937. Inataka kuambiwa safu ipi ni ya kaya na ipi ni ya mwaka. Ikishajua, inaweza kuipa kila kaya mwelekeo wake wa kupanda au kushuka, na kutazama awamu iliyotangulia na inayofuata. Madumu hayashuki chini ya sifuri, lakini fundi mzuri hakimbilii kuweka ukuta; kwanza anaigeuza safu kuwa logi, kwa kuwa kaya nyingi hukamua kidogo na chache hukamua sana. Kisha anaongeza safu zinazoeleza kwa nini jibu lilikosekana: ekari, paa la bati au la nyasi, umri wa aliyehojiwa. Bila safu hizo programu inabahatisha gizani.

Lakini kabla ya yote kuna kazi ya macho, na hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Chukua rekodi za samaki wanaoshushwa kwenye mialo ya Kigoma, Kibirizi kwa mfano. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea wavuvi wengi hupumzika. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, serikali ilisimamisha uvuvi ziwani upande wa Tanzania. Nafasi tupu ya Juni mwaka ule haina samaki wa kukisiwa. Ni sifuri, na lazima iandikwe sifuri kwa mkono. Nafasi tupu ya mwezi ambao mwandishi wa mwalo aliugua ni jambo jingine kabisa: samaki walishuka, ila hawakuandikwa. Kwenye jedwali zote mbili zinafanana. Programu haiwezi kuzitenganisha. Anayeweza ni mtu anayelijua ziwa, au aliyepiga simu mwaloni kuuliza.

Mwisho huja jaribio ambalo sichoki kulitazama. Amelia inaficha namba zinazojulikana, moja baada ya nyingine, inazikisia kana kwamba hazikuwahi kuandikwa, kisha inachora makisio kando ya ukweli, kila moja na mstari wa shaka yake. Mistari 9 katika kila 10 ikigusa ukweli, kazi inaendelea. Ikikosa kwa wingi, na hasa kwa kaya zenye mavuno makubwa, fundi anafungua tena dodoso na kutafuta swali ambalo hakuliingiza.