Mtihani wa Kufundisha Lugha ya Mama

Aliyezaliwa ndani ya lugha hudhani anaweza kuifundisha. Imani hiyo nimeikuta katika vyumba vya walimu kwa zaidi ya miaka thelathini, hata chuoni, kwa wanachuo waliodhani somo la Kiswahili ni mahali pa kupumzikia. Ndiyo maana niliufuatilia kwa hamu mtihani wa walimu wa Kijapani. Habari zake nilizipata kwa binti mmoja wa Japani aliyejitolea kufundisha hesabu huku Temeke, kisha akarudi kwao kujiandaa nao.

Mwaka 2023 Bunge la Japani lilipitisha sheria, ikaanza kutumika Aprili 2024, ya kuwasajili walimu wanaowafundisha wageni Kijapani. Mtihani wa kwanza ulifanyika Novemba 2024. Sehemu ya msingi ina maswali 100 kwa dakika 120, nayo hugusa jamii na utamaduni, saikolojia ya kujifunza, ufundishaji na lugha yenyewe. Kisha kuna sehemu ya matumizi, ya kusikiliza na ya kusoma, na mafunzo ya vitendo. Mjapani hasamehewi eti kwa sababu ni Mjapani.

Nami naona ni haki. Chukua jambo dogo. Mjapani akisema *tabete imasu*, maana yake anakula, yaani sasa hivi. Lakini *kekkon shite imasu*, yenye umbo lile lile la kitenzi, si kwamba yumo katikati ya harusi, bali ni mtu mwenye ndoa. Sisi hapo husema "ameoa", wala hatusemi "anaoa". Mwenyeji hutumia yote mawili tangu utotoni bila kujiuliza. Mgeni ndiye huuliza, na mwalimu asiyejiandaa humjibu, "Ndivyo tunavyosema." Jibu hilo ni la jirani, si la mwalimu.

Nina ugomvi nao hata hivyo. Maswali yote ni ya kuchagua jibu. Mtu anaweza kutambua maelezo sahihi yakiwa yamewekwa mbele yake, akashindwa kuyatoa mwenyewe akiwa na chaki mkononi na macho arobaini yakimtazama. Tulipokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha tulikaa dawati la nyuma, tukaona mwanachuo mwenye alama nzuri akilitoroka swali la mtoto kwa kufuta ubao. Mafunzo yao ya vitendo yanaweza kuliziba pengo hilo, lakini mtahiniwa hupeleka nguvu zake kwenye alama. Binti yule alinieleza jinsi alivyokuwa akikariri majina ya wataalamu usiku. Sikuwahi kusikia kwamba alifanya zoezi la kumweleza mtu jambo moja kwa njia tatu.

Kwetu hali ni ya kinyume. Tuna BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, nalo huwaandaa wanaotaka kuwafundisha wageni Kiswahili. Lakini kijana wa Tandika au Mwananyamala akipata mgeni wa kumfundisha kule Masaki, nani humwuliza cheti? Huulizwa bei ya saa. Mgeni hulipa, husoma salamu na namba, na akifika kwenye upatanisho wa sarufi mwalimu humwambia atazoea. Tangu mwaka 2021, UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, tunasherehekea kwa ngoma na hotuba, na sipingi ngoma. Ila vijana wetu wanazungumzia kupeleka Kiswahili nje kama vile tunapeleka korosho.

Ningekabidhiwa kuutunga mtihani wetu, ningeweka swali moja ukurasa wa kwanza, bila herufi za kuchagua, na mistari kumi ya kujibia: Mgeni amesikia "rafiki yangu amefika" na "kalamu yangu imefika". Mweleze, kwa Kiswahili anachokielewa, kwa nini "yangu" ni moja lakini vitenzi ni viwili.