Soli Ile Haikuwa ya Kikuku

Mliokuwa uwanjani Jumapili mliona kizuizi cha tatu. Farasi aligoma, mpandaji akateleza begani mwake, na kwa kawaida habari ingeishia hapo: dada anaanguka, anapangusa vumbi, anapanda tena. Lakini mguu wa kushoto ulibaki juu. Soli ya buti lake, nene na yenye meno kama tairi la trekta, ilikuwa imekwama ndani ya kikuku. Akarukaruka kwa mguu mmoja hatua nne, tano, kashika singa za shingo, mpaka msimamizi alipofika kumchomoa. Farasi angekuwa mwoga, tungekuwa tunazungumza mengine.

Buti zile ni za matembezi ya mjini. Ndefu, nyeusi, na ukiwa mbali utadhani ni za kupandia. Watetezi wake wananiambia bei. Bei ndiyo inayomhukumu! Buti fupi za kifundoni, soli laini, kisigino cha sentimita 2.5, na chapsi za kufunga shavu la mguu juu yake: hizo ni nafuu kuliko ndefu za ngozi, na ukibahatika utazikuta mitumbani. Kisigino kinazuia mguu usipenye kikukuni. Soli laini inauachia ukianguka. Anayeng'ang'ania ndefu za ngozi apime shavu la mguu jioni, ameketi, kavaa suruali ya kupandia, na achukue zinazopanda juu kidogo, kwa sababu ngozi mpya hushuka ikizoea mguu.

Zipu ya nyuma siisemi tena, mmeshachoka nami. (Ilifunguka, lakini.)

Kofia ilikuwa sawa, mikono laini, kizuizi cha pili alikiruka vizuri.

Hata mpanda farasi Pat Smythe hakuwa tajiri. Farasi wake aliwatafutia fedha mwenyewe, hata kwa kuandika vitabu. Mwaka 1956 kule Stockholm akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuruka vizuizi kwenye Olimpiki, akarudi Uingereza na shaba ya timu. Tazameni picha zake: buti za ngozi zimelala mguuni, hakuna mapambo. Siku hizi tunanunua buti kwa kioo.

Jioni ya Jumapili ile nilikwenda zizini na futi ya fundi cherehani. Kati ya upana wa soli na upana wa kikuku inatakiwa ibaki nafasi ya sentimita 2.5. Kikuku kilikuwa 12, soli 11.