Milimita Tatu Chini ya Uzi Mnene

Kuna video inayozunguka siku hizi kwenye simu za wapiga besi wa Nairobi, na watu ninaowaheshimu wanaisifu. Kijana amefunga pikapu mpya za sumaku ya keramiki, zile zenye fuvu la kichwa kwenye boksi, akaketi peke yake chumbani na kuupiga uzi wa E mpaka madirisha yakatetemeka. Wote wanasema neno moja: nzito. Inaniuma, kwa sababu kila anayeitazama atatoka na imani kwamba pikapu ya metali hupimwa kwa uzito wa sauti katika chumba kitupu. Mweke kijana huyohuyo katikati ya magitaa mawili yaliyofunguliwa geini yote, dramu za miguu zikikimbia, uone kitakachobaki: mtetemo wa sakafu ambao hakuna awezaye kusema ni noti gani.

Anayetaka kuchagua aanze na hesabu ya sauti yenyewe. Uzi wa E wa besi hulia kwa Hz 41, ule wa gitaa kwa Hz 82. Zamani pengo hilo lilimtosha kila mmoja. Kisha Tony Iommi wa Birmingham, aliyekatwa ncha za vidole na mashine kiwandani, akaanza kulegeza nyuzi ili zisimuumize, na katika nyimbo kadhaa za Master of Reality ya mwaka 1971 Black Sabbath walikuwa wameshuka hatua moja na nusu. Magitaa mengi ya metali yameifuata njia hiyo tangu hapo. Gitaa la nyuzi saba hushuka hadi Hz 62, na besi ya nyuzi tano imesukumwa hadi Hz 31, mahali ambapo spika nyingi za kumbi zetu hazitoi kitu. Msikilizaji aliyesimama nyuma ya ukumbi huitambua noti ya besi kwa mguso wake wa kwanza, ule mkwaruzo wa chuma kidole kinapouachia uzi, na kwa sauti za juu zinazofuata, kuanzia kama Hz 700. Pikapu inayomeza mguso huo haifai, hata ingenguruma namna gani.

Kizazi kizima kimelelewa na ...And Justice for All ya Metallica, ya mwaka 1988, ambamo besi ya Jason Newsted ilizikwa wakati wa kuchanganya sauti hadi karibu haisikiki. Mtu aliyezoea hivyo hajui anachokosa, na ndiye mwepesi wa kusifu ngurumo.

Kanuni ya kwanza: besi ya metali ni P, yaani Precision. Tangu Fender walipoigawa koili ya Precision mwaka 1957, nusu moja kwa E na A, nusu nyingine kwa D na G, mvumo wa umeme hujifuta wenyewe na uzi hupita kati ya sumaku mbili. Jazz, besi nyingine ya Fender, ya mwaka 1960, ni chombo kizuri cha muziki mwingine. Punguza volyumu ya pikapu yake moja na mvumo unaingia, kisha distoshoni inaupandisha hadi juu ya noti. Watanitajia Cliff Burton wa Metallica na Rickenbacker 4001 yake yenye pikapu ya Gibson shingoni. Ni kweli alikuwa nayo. Lakini karibu na briji aliweka Seymour Duncan ya aina ya Jazz, na makali yake yalitoka huko. Wanaomwiga huchukua ile ya shingoni peke yake, wakabaki na tope. Naye Steve Harris wa Iron Maiden anapiga Precision kwa vidole, juu ya nyuzi laini za Rotosound, zile ambazo kila muuza duka atakuambia hazifai metali, na kila noti yake inasikika ikigonga freti.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo sijawahi kuona mgeni wa kazi hii akiliangalia: nafasi iliyopo kati ya uzi na sumaku. Mtu akikuletea besi atakutajia jina la pikapu, bei yake na nchi ilikotoka. Fundi aliyenifundisha kulehemu hakutaka kujua lolote kati ya hayo. Alikuwa akiubana uzi wa E kwenye freti ya mwisho, anainama mpaka jicho lilingane na uzi, anatazama mwanga unaopita chini yake, ndipo anamsalimia mwenye besi. Nimemwona akimrudisha mteja nyumbani na pikapu mpya ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa, besi ikiwa imepona kwa bisibisi tu.

Bana uzi mnene kwenye freti ya mwisho, kisha upime kutoka chini ya uzi hadi juu ya sumaku. Kwa P isiyotumia betri natafuta milimita 3 upande wa E, na 2 na nusu upande wa G. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kadi nne zikipangwa pamoja zinamtosha asiye na rula ndogo ya fundi. Ukisogeza karibu zaidi ya hapo sauti inakua, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa kuwa sumaku nayo imeanza kuuvuta uzi. Piga E kuanzia freti ya 12 kwenda juu, usikilize. Noti inayumba, kama watu wawili wanaoimba wimbo mmoja bila kusikilizana. Weka distoshoni juu ya myumbo huo na huna tena noti. Kwa anayelegeza nyuzi hali ni mbaya zaidi: uzi uliolegea hupepea kwa upana, huikaribia sumaku kila unapopigwa, na ule mguso wa kwanza unalipuka na kufa kabla noti haijajulikana. Sumaku yenye nguvu zaidi huzidisha madhara. Kwa hiyo kadiri nyuzi zinavyoshuka, pikapu nayo ishuke. Nusu mzunguko wa skrubu, piga, sikiliza, nusu tena. Sauti ikipungua, volyumu ya amplifaya ipo kwa kazi hiyo.

Chini ya pikapu ya P kuna kipande cha sponji kinachoisukuma juu. Sponji huchoka. Miaka ikipita, jasho na joto huisaga iwe unga, na ukigeuza skrubu kulegeza, pikapu haipandi, imelala chini kabisa ya shimo lake. Mwenye besi anasema pikapu imekufa. Ananunua nyingine, fundi anaifunga na sponji mpya, pikapu inakaa juu, besi inafufuka, na sifa zote zinakwenda kwa jina lililo kwenye boksi. Sehemu kubwa ya sifa ninazozisikia juu ya pikapu mpya ni sifa za sponji ya shilingi chache. Badilisha sponji kwanza, upige wiki nzima, ndipo ufikirie kununua.

Wauzaji wanajua wanunuzi hawatazami huko, kwa hiyo wanawapa namba. Omu! Kijana anaambiwa hii ina kilo-omu 10, ile 14, basi ile ya 14 ndiyo ya metali. Waya wa namba 43 ni mwembamba kuliko wa namba 42, na kwa urefu uleule ukinzani wake unazidi kwa zaidi ya robo. Mtu anaweza kupata namba kubwa bila kuongeza hata mzunguko mmoja kwenye koili. Anayenitajia omu kabla ya kunitajia waya na sumaku, nafunga mazungumzo naye.

Wizi mwingine ni wa pikapu nyeusi zilizofunikwa kabisa. Rob Turner alianzisha EMG mwaka 1976, akaweka koili zenye mizunguko michache pamoja na kikuza sauti kidogo ndani ya kasha lililofungwa, na tangu hapo kila kasha jeusi linauzwa kana kwamba lina kitu ndani. Katika duka moja la katikati ya mji nilionyeshwa jozi iliyoandikwa kwamba ni ya betri. Ilikuwa na nyaya mbili tu, na hapakuwa na mahali pa kuingizia umeme. Pikapu ya betri lazima iwe na waya wa umeme, na ukiigusisha maltimita haikupi kipimo cha omu chenye maana. Hiyo ya dukani ilinipa kilo-omu 8 safi, koili ya kawaida iliyovikwa koti. Kwa P za kawaida beba dira ndogo: sumaku za nusu mbili lazima ziuvute mshale kinyume. Zikiuvuta upande mmoja, mtengenezaji hakuelewa alichokuwa akinakili.

Zamani kazi hii ilikuwa na sahihi. Abigail Ybarra aliingia Fender mwaka 1956, akazungusha koili kwa miongo mingi, mkono wake ndio ukiuongoza waya, na aliandika herufi za jina lake kwenye pikapu. Waya uliotawanywa na mkono una hewa ambayo mashine, kwa unadhifu wake, haiwezi kuiacha. Sauti hiyo naitambua nikiwa nje ya ukumbi.

Kwa mwenye kununua leo, DiMarzio Model P ni keramiki ninayoikubali, kwa sababu masafa ya kati yako mbele na ncha za chuma chini ya nyuzi zinapandishwa na kushushwa. Quarter Pound ya Seymour Duncan, yenye sumaku za unene wa robo inchi, ina chini kubwa na juu kali lakini katikati imepwaya, na katikati ndiko besi inakoishi. Naiachia bendi yenye gitaa moja. EMG inawafaa wanaopiga kwa piki, mradi poti zibadilishwe pia: inataka za kilo-omu 25, na ukiacha zile za 250 volyumu inakuwa kama swichi ya taa. Jeki nayo iwe ya stereo, ili betri iwake tu waya ukiwa umechomekwa. Kwa nyuzi tano, nusu mbili za P zigeuzwe, ya nyuzi nene isogee upande wa briji, ili B ikaze. Fundi atalalamika kwamba shimo halilingani. Mlipe achonge.