Denver ilivyopitisha maji chini ya milima

Mvua na theluji ya Colorado haiangukii walipojenga watu. Mawingu yanayotoka Bahari ya Pasifiki hupanda Milima ya Rocky, hupoa, na kumwaga sehemu kubwa ya maji yake upande wa magharibi. Denver, mji uliozaliwa na msako wa dhahabu mwaka 1858 kwenye kimo cha mita 1,609, uko mashariki, na hupata mvua haba. Takribani asilimia 80 ya maji ya jimbo iko ng'ambo ya milima, na wakazi wengi wako upande huu wa mashariki.

Kuyavusha maji hayo juu ya milima kwa pampu kungekula nguvu na fedha bila kikomo. Dawa ilikuwa kutoboa mwamba chini, maji yapite kwa uzito wake yenyewe. Ila handaki la kwanza halikupatikana kwa sababu ya maji. Lilipatikana kwa sababu ya treni.

David Moffat, mwenye benki wa Denver, alijenga reli iliyopita Rollins Pass, zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Theluji ilizikwamisha treni zake majira baada ya majira, naye akafariki mwaka 1911 bila kuona handaki alilolitamani. Jaribio la Denver kuligharamia lilikwama mahakamani. Kisha, Juni 1921, mafuriko yaliupiga mji wa Pueblo, kusini, na kuua watu wengi. Pueblo ilihitaji sheria ya kudhibiti mafuriko. Denver na wenzake walihitaji sheria ya handaki. Mwaka 1922 ikawa nipe nikupe bungeni, zote mbili zikapita. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mlima ulipotobolewa hasa. Baruti ilikuja baadaye.

Uchimbaji ulianza mwaka 1923, na uamuzi uliobeba kazi nzima ni wa kuchimba mahandaki mawili sambamba. La reli lilikuwa pana, urefu wake kilomita 10. Kando yake likatangulizwa dogo, lenye upana na kimo cha kama mita mbili na nusu. Kwa kuwa lilikuwa dogo, lilikwenda mbio na kuonyesha mapema mwamba uliokuwa mbele. Humo zilipita hewa, watu na vifusi. Kila baada ya umbali fulani wachimbaji walikata njia ya pembeni hadi kwenye mstari wa handaki kubwa, wakaanza kulichimba kutokea hapo pia. Badala ya kusubiriana kwenye ncha mbili, vikosi kadhaa vilifanya kazi kwa pamoja.

Mashariki mwamba ulikuwa mgumu na mwaminifu. Magharibi ulikuwa laini, ukisukuma kutoka juu na pembeni hadi magogo manene ya kushikilia paa yakapasuka. Mhandisi George Lewis akabuni boriti za chuma zinazosogezwa mbele hatua kwa hatua: zinabeba paa huku watu chini yake wakipanua shimo na kusimamisha nguzo za kudumu. Hata hivyo, watu 28 walikufa katika kazi hiyo, na idadi hiyo haifai kuachwa nje ya sifa zozote za mradi huu.

Treni ya kwanza ilipita Februari 1928. Handaki dogo lingeweza kuachwa lioze. Denver ililikodi, ikalitengeneza, na mwaka 1936 maji ya bonde la mto Fraser yakaanza kupita humo kwenda mashariki. Huo ndio ufundi ninaouheshimu zaidi hapa: kifaa cha ujenzi kiligeuzwa mshipa wa mji.

Handaki jingine, Roberts, lilichimbwa kwa ajili ya maji tu. Lina kilomita 37 na ushei, na kazi yake ilichukua kuanzia 1946 hadi 1962. Ili kulilisha, bonde la mto Blue lilizibwa kwa bwawa la Dillon, na mji wa Dillon ukahamishwa, nyumba na makaburi pamoja.

Sheria iliruhusu yote hayo. Tangu hukumu ya mwaka 1882, Colorado inampa haki ya maji anayetangulia kuyatumia, hata akiyapeleka bonde jingine. Ndiyo maana Fraser umepoteza zaidi ya nusu ya maji yake ya asili, na wakati wa kiangazi maji yanayobaki hupata joto kupita kiasi kwa samaki aina ya trauti. Baada ya miaka ya mabishano, Denver na wilaya za magharibi zilifikia makubaliano yaliyoanza kutumika mwaka 2013, yanayoubana mji katika kuchota zaidi na kuutaka uchangie kuiponya mito. Yamechelewa sana, lakini ni sehemu ya uhandisi huu sawa na zile boriti za Lewis.