Rangi ya Gari la Kiganjani

Fundi rangi humjui akiwa ameshika brashi. Unamjua akiwa anasubiri. Mzee mmoja wa Ilala, aliyestaafu baada ya kupiga rangi magari ya watu miaka na miaka, siku hizi huunda mabasi madogo yenye urefu wa shibiri moja na nusu, nami hupenda kukaa barazani kwake nikimtazama. Bodi la bati limepata koti la kwanza asubuhi. Amelifunika kwa beseni lililoinuliwa kidogo kwa vijiti viwili, vumbi lisiingie na hewa ipite. Anakunywa kahawa, anaitikia shikamoo za wapita njia, na ukimuuliza kama tayari, anajibu, "Bado, mwanangu. Rangi haijakubali."

Hajaribu kwa kidole, maana kidole huacha alama isiyoondoka kirahisi. Anainua beseni, anainamisha pua karibu na paa la basi, anavuta pumzi. Rangi ya mafuta ikiwa bado inanuka, ndani ni mbichi hata kama juu imeshikana. Siku harufu itakapokata ndipo atakapoigusa. Wakati wa masika, hewa ya Dar es Salaam inapojaa maji, siku hiyo husogea mbali, na mzee huingoja bila kinyongo. Rangi za tina, zinazokauka upesi, huziogopa zaidi majira hayo: zikikutana na unyevu hupata ukungu mweupe, na mng'ao wote ukapotea.

Kwenye basi la kweli, unene wa rangi ni kitu cha kupuuzwa. Kwenye basi la shibiri moja na nusu, unene uleule hufukia kila kitu: vichwa vya ribiti, mfereji wa mlango, ukingo wa dirisha. Ndiyo maana mzee huizimua rangi yake mpaka iwe nyepesi kama maziwa, na hupaka makoti kadhaa mahali ambapo mwenye haraka angepaka moja. Koti la kwanza humtia mtu wasiwasi, bati linaonekana chini yake. Likishakauka, hulipitishia msasa wa maji wa namba ya juu, 1000 au zaidi, uliochovywa kwenye maji ya sabuni. Mng'ao unaondoka, basi linabaki limefifia, na asiyejua angedhani kazi imeharibika. Kumbe hapo ndipo koti linalofuata linapopata pa kushika.

Kwake nimeliona pia jambo ambalo wapenzi wa magari madogo wa nchi nyingi wanalishika: rangi ya kopo la basi kubwa haifai kupakwa jinsi ilivyo kwenye basi dogo. Basi la kweli tunaliona kwa mbali, ng'ambo ya barabara, na hewa iliyo katikati yetu nalo huififisha rangi yake. Lile dogo tunalishika karibu na macho. Ukilipaka nyekundu ileile litaonekana zito, limeelekea damu ya mzee. Kwa hiyo hudondosha nyeupe kidogo ndani ya nyekundu, na matairi hayapaki nyeusi tupu, huyapaka kijivu kilichokolea. Anachokitafuta ni rangi ya basi kama macho ya mtu aliyesimama kituoni yalivyoipokea. Mtu hawezi kuipata rangi hiyo kama hajawahi kusimama kituoni akatazama kweli.

Kisha huja mkanda. Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa: daladala nyeupe, na ubavuni mkanda wa rangi ya njia yake, hata asiyejua kusoma akalitambua basi lake kabla halijasimama. Mzee huupaka kwa mkono. Anao utepe wa karatasi, ule wa gereji, lakini huubandika kwenye ukingo wa juu tu. Ukingo wa chini huuachia jicho. Brashi ameipunguza kwa wembe mpaka zimebaki nywele chache. Anaegemeza kidole cha mwisho kwenye bodi, mkono upate nguzo, anavuta pumzi, anaitoa nusu, anaizuia iliyobaki; ndipo brashi inapoondoka taa ya mbele na kwenda hadi ya nyuma bila kuinuliwa. Ikiinuliwa njiani, pale ilipoinuliwa hubaki kifundo, na kifundo hakifichiki. Mara kwa mara nimejikuta nami nimezuia pumzi. Mkanda ukifika mwisho mzee hasemi neno. Anauacha ukauke, kisha anageuza upande wa pili, maana ubavu wa pili unadai kufanana na wa kwanza, na kufananisha ni kugumu kuliko kuanza. Mwisho kabisa huja kibao cha namba: cheupe, kwa kuwa basi ni la biashara. Gari la mtu binafsi angelipakia cha njano.

Sisi tuliokua na magari ya waya tunaijua kazi hii kwa kiasi chetu. Mifupa ya waya, magurudumu ya ndala zilizokatika, usukani mrefu wa kushika ukiwa umesimama: hayo watoto wa mtaa walifundishana. Kilichotenganisha gari na gari ni rangi, na rangi haikuwa ya kununuliwa. Ilikuwa masalio ya chini ya kopo baada ya mtu mzima kumaliza mlango au geti, imeganda ngozi juu, tukaitoboa na kuizimua kwa mafuta ya taa. Brashi ilikuwa kijiti kilichotafunwa ncha.

Taa za nyuma zilitoka kwenye chupa ya rangi ya kucha ya dada. Nyekundu yake ilikuwa na kina ambacho rangi ya geti haikuwa nacho. Tone moja likidondoshwa kwa ncha ya njiti ya kiberiti lilijiumba lenyewe likawa taa, la mviringo, limevimba kidogo, linameta. Ilibidi gari lilazwe kifudifudi mpaka tone likauke, na aliyeliinua mapema alipata gari linalotoa machozi mekundu. Bampa hatukulipaka. Tuliokota pakiti ya sigara, tukaitoa karatasi yake ya fedha, tukailowanisha ili ile karatasi nyembamba ya nyuma ibanduke, tukainyoosha kwa ukucha wa kidole gumba mpaka mikunjo ikaisha, tukalivisha bampa. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba wapenzi wa magari madogo huko Ulaya na Marekani nao huyavisha mabampa karatasi nyembamba ya chuma, kwa sababu ileile: hakuna rangi ya fedha inayofikia mng'ao wa chuma chenyewe. Hakuna aliyetufundisha. Tulilitazama bampa la kweli likiakisi jua, tukaona rangi ya kopo haifanyi hivyo, tukatafuta kinachofanya.

Kila aliyepaka gari dogo aliweka kumbukumbu bila kukusudia. Shirika la mabasi la UDA lilipoanza kulihudumia jiji mwaka 1974, mabasi yake yalikuwa sehemu ya sura ya Dar es Salaam. Yakaja ya Ikarus kutoka Hungaria, na yale marefu yenye kiungo katikati watu wakayaita kumbakumba. Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa, na migongo ya magari ikajaa majina na misemo. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza. Basi kubwa likizeeka hukatwakatwa na kuuzwa kwa kilo, na rangi yake huenda pamoja na bati. Lile dogo lililopakwa kwa uaminifu hubaki juu ya kabati likitunza rangi ambayo barabarani haipo tena. Nairobi nako wana kisa chao. Kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004, zile za Waziri Michuki wa Kenya, ziliitaka kila matatu iwe na mkanda wa njano, na michoro ya ubavuni ikapigwa vita kwa miaka kumi, hadi ruhusa ilipotolewa tena mwishoni mwa 2014. Katika miaka hiyo yote hakuna askari wa barabarani aliyesimamisha matatu ya bati iliyokuwa juu ya kabati la mtu.

Rangi yenyewe ina ukoo mkubwa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Ni ya ukoo mmoja na ile ambayo Waingereza waliijaza kwenye vikopo vya mililita 14 vya Humbrol kwa ajili ya waundaji wa ndege na magari madogo. Na magari maarufu ya Matchbox, yaliyoanza kuuzwa London mwaka 1953, yalitokana na Jack Odell kumtengenezea binti yake mashine ndogo ya kushindilia barabara, kwa kuwa shuleni kwao mtoto aliruhusiwa tu kichezeo kinachoenea ndani ya kiberiti. Akaipaka nyekundu na kijani. Biashara iliyouza magari duniani kote ilianzia kwa mzazi mmoja aliyeona inafaa kukaa chini na kumpakia mtoto wake kitu kidogo rangi.

Sisi je? Tumekuwa watu wa kubandika. Mtoto analetewa gari la plastiki lililotoka na rangi yake kiwandani, taa zake ni stika, kioo chake ni stika. Kabla ya mwezi kwisha stika zimebanduka na gari limetupwa kwenye mtaro, ambako mvua ya kwanza italikuta. Hata mabasi makubwa mengi sasa huvishwa picha zilizochapishwa, na vijana waliokuwa wakiandika misemo kwa brashi wamehamia kazi nyingine. Wateja wa mzee nao wamebadilika. Wanataka basi liwe tayari Ijumaa. Wanamshauri achapishe mkanda steshenari, abandike, amalize. Wahenga walisema chema chajiuza. Cha mzee kinakaa kabatini kikimsubiri mtu anayejua tofauti.

Stika ni rahisi, na urahisi una haki yake. Lakini kubandika hakumdai mtu atazame. Anayepaka hulazimika kujua mlango unafungukia wapi, vumbi hukaa sehemu gani ya tairi, jua la saa kumi linafanya nini kwenye bati jeupe. Tunawalaumu watoto kwamba hawatulii, na hatujawapa hata kitu kimoja kinachokataa haraka. Kopo la rangi lingewafunza kusubiri bila hotuba ya mzazi, maana rangi haibembelezwi wala haitishwi.

Mzee hana mwanafunzi. Vijana huja, hupiga picha, husifu, huondoka. Ujuzi wa kunusa rangi iliyokauka, wa kujua nyeupe kiasi gani itulize nyekundu, wa kuzuia pumzi kutoka taa hadi taa, haukai kwenye picha. Hukaa kwenye mkono wa mtu, na mtu huondoka nao. Tutabaki na maelfu ya picha za mabasi yetu katika simu, na hatutakuwa na hata mmoja kati yetu aliyeyatazama kiasi cha kujua mkanda ulianzia wapi na ukaishia wapi.