Kadri inakula wazazi

Bandugu wahitimu, tangu siku ya kolasio telefone zetu zimejaa foto za toge. Furaha ni yetu wote, na sikatazi mutu kupamba. Lakini kadri zenye tunaweka zinakula foto yenyewe.

Angalia ile yenye kupendwa sana: maua ya dhahabu kwa pembe zote ine, baluni mbili, kofia ya mhitimu pale chini, na "Félicitations" yenye kung'aa. Katikati mwenzetu anacheka. Kwa bega yake unaona vidole vitatu. Ni vya nani? Ni vya mama, mwenye aliuza makala miaka yote ili minerval ilipwe. Yeye yuko chini ya maua.

Hesabu ni nyepesi. Kadri ikichukua moja ya kumi kwa kila upande, inabaki nane ya kumi kwa upana na nane ya kumi kwa urefu, ni kusema 64% ya foto. Ingine 36% imefunikwa. Mutu akikukatia 36% ya shamba lako, utaenda kwa shefu siku ile ile!

Zamani ukingo ulikuwa na kazi. Ule mweupe wa foto za babu ulikuwa mahali pa kushikia, vidole visiguse sura. Polaroid SX-70 ya mwaka 1972 ilikuwa na ukingo mupana pale chini kwa sababu dawa ya kusafisha foto ilikaa mule, mu kifuko. Rangi ya dhahabu siipendi, lakini kila mutu na macho yake. Kosa liko mahali kadri inawekwa.

Wenzangu wa agronomi wanajua. Tukifanya jaribio la mahindi, tunapanda mistari ya borduri pembeni, kwa sababu mimea ya ukingoni inapata mwanga na nafasi zaidi, na hatuipimi. Lakini ile mistari tunaiongeza inje ya eneo la kupima, tangu siku ya kuchora shamba. Hakuna mwenye anafunika mahindi ya kupima na borduri, halafu anaandika mavuno.

Na foto ni vile vile. Photoshop na GIMP zina amri ya kupanua karatasi bila kugusa foto. Una foto ya piseli 4000 kwa 3000? Panua ifike 4400 kwa 3400, maua yakae mu ile nafasi mupya, 200 kila upande. Mama anabaki, shangazi anabaki, hata mutoto mwenye alipita nyuma na mandazi.

Kwa wale walishafunika: tafuteni orijinali leo, mbele telefone haijajaa na kufutwa. Ile yenye kadri, ikishaandikwa kama JPEG, maua na foto vinakuwa kitu kimoja. Hakuna tena kitu cha kufunua pale chini.