Picha 1,300 kwa mtoto mmoja: CRADLE ikitazamwa kutoka Kisarawe

Umewahi kuona picha ya mtoto iliyopigwa kwa flashi, jicho moja jekundu na lingine linang'aa jeupe kama la paka usiku? Weupe ule unaweza kuwa mtoto wa jicho, au pembe tu ya kamera. Unaweza pia kuwa retinoblastoma, saratani ya retina inayowapata watoto wadogo jeni ya RB1 inapoharibika. Ndiyo maana mwaka 2019, jarida la Science Advances lilipotoa matokeo ya CRADLE, programu ya simu inayotafuta weupe huo, wengi walifurahi. Mwanzilishi wake ni Bryan Shaw, mkemia wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani. Mwanawe aliugua saratani hiyo, na picha za nyumbani zilikuwa zimeshaonyesha weupe kabla daktari hajaugundua.

Kazi ni nzuri, sina ugomvi nayo. Walipitisha picha 52,982 za watoto 40. Kati ya 20 wenye matatizo ya macho (si wote wa saratani), programu iliwabaini 16, wastani wa mwaka 1.3 kabla ya hospitali. Sasa chukua kikokotoo ugawanye. Ni zaidi ya picha 1,300 kwa kila mtoto! Kwenye rundo kama hilo programu ikikosa mara kumi haidhuru, itapata ya kumi na moja. Halafu nenda Maneromango au Mzenga, umuulize mama ana picha ngapi za mwanawe wa miezi sita, za flashi, mtoto akitazama kamera. Simu zipo, sawa. Rundo ndilo halipo.

Kuchelewa kwenyewe ni kukubwa. Utafiti wa kimataifa uliotoka JAMA Oncology mwaka 2020, wagonjwa 4,351, ulikuta kwamba katika nchi za kipato cha chini (Tanzania ilikuwa kundi hilo wakati ule) umri wa kati wa kugunduliwa ni miezi 30.5. Nchi tajiri ni 14.1. Na kwa asilimia 49.1 ya watoto wa nchi maskini, saratani ilikuwa imeshatoka nje ya jicho.

Lakini hebu fungua kadi ya kliniki. Wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9, mwezi wa 18. Mtoto wa Mlandizi anayefuata ratiba ameshashikwa na muuguzi mara tano kabla ya miezi 30 kufika! Kinachokosekana pale ni taa. Kuna kifaa kinaitwa Arclight, kidogo cha kushika kiganjani, kinachajiwa kwa jua. Kilimanjaro kimeshajaribiwa kwenye kliniki za watoto na matokeo yakachapishwa 2021. Makala ya CRADLE inamtazama mzazi mwenye simu. Mimi ningeanza na muuguzi.

Kuna jambo la pili, nalo linanitia wasiwasi zaidi. Mtoto aliyerithi hitilafu ya RB1 anaweza kuota vivimbe vidogo pembezoni mwa retina, mahali ambapo mwanga wa flashi haufiki. Huyo anahitaji dawa ya kupanua mboni, mara nyingi na ya usingizi, kisha kamera maalumu inayogusishwa kwenye jicho. Altrasaundi huonyesha chembe za chokaa ndani ya uvimbe, MRI huonyesha kama mshipa wa fahamu wa jicho umeguswa. CT skan huepukwa inapowezekana, kwa sababu watoto hawa tayari wana hatari kubwa ya kupata saratani nyingine na mionzi huiongeza. Kwa mtoto wa aina hii simu kusema "hakuna weupe" maana yake ni hiyo tu, hakuna weupe. Uvimbe unaweza kuwepo.

Kutoka Kibaha au Kisarawe, vipimo hivyo maana yake ni safari ya Dar es Salaam, nauli, na siku za kazi zilizopotea. Kwa hiyo ukikutana na familia ambayo mtoto wao ametolewa jicho kwa saratani hii, usianze kwa kuwapakulia programu. Waulize kama mdogo wake ameshapimwa kwa daktari wa macho.